Kupe Mfu Hatagi

Ukimwona kupe, usimponde! Subiri kwanza. Mweke kiganjani, mwangalie. Najua mnacheka, ninyi vijana mnaosomea mifugo mnaonijia hapa Kizwite na simu zenu za kupigia picha. Chekeni tu. Babu yenu ameishi na hawa viumbe maisha yake yote ya kazi, na mpaka leo nikimwona mmoja nchani mwa jani moyo unanidunda. Mke wangu Felista anasema nilimpenda kupe kabla sijampenda yeye. Uongo! Nilianza na yeye, tena kwa wiki mbili nzima.

Hebu fikirini jamani. Kupe hana mabawa, haruki, hakimbii. Chakula chake ni damu peke yake, na hiyo damu inatembea kwa miguu minne na ina mkia wa kumchapa. Sasa anaishije? Anapanda jani mpaka nchani, anashikilia kwa miguu ya nyuma, ya mbele anainyoosha hewani, hivi, kama mtoto anayetaka kubebwa. Na pua yake iko kwenye hiyo hiyo miguu ya mbele! Ng'ombe akipumua tu, yeye ameshajua mgeni anakuja. Anadaka unywele, huyo, kaingia sikioni. Mate yake yanatia ganzi, ng'ombe hasikii kitu, na damu haigandi mpaka mwenyewe ashibe. Na ng'ombe asipopita leo? Anasubiri. Kesho je? Anasubiri. Jua likiwa kali anashuka chini kwenye unyevu, anapumzika, anapanda tena. Miezi, mwanangu!

Na huyo ni mmoja tu. Papasi wa kwenye nyufa za sakafu za udongo wanaweza kukaa miaka bila mlo. Nyumba imehamwa, watu wameisahau, siku ukirudi kulala humo wanakupokea kwa shangwe. Ruba akishakunywa anajiachia mwenyewe, anaporomoka majini, na hakudai tena kwa muda mrefu. Na mbung'o! We acha tu. Mara ya kwanza nilipokwenda Kipili kwa lori, tukiwa katikati ya pori, walitufuata nyuma kundi zima, maana kitu kikubwa cheusi kinachotembea kwao ni nyati. Lakini ajabu yake haiko hapo. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine. Anabeba mtoto mmoja tumboni, anamlisha maziwa humo humo, anamzaa akiwa mkubwa. Nzi anayenyonyesha! Nilipofundishwa hilo chuoni nilipiga dawati kwa furaha mpaka mwalimu akanitoa nje.

Basi nilitoka chuoni na cheti na kiburi, nikapangiwa josho moja upande wa Mwimbi. Josho mnalijua, au ninyi mmezoea pampu za mgongoni tu? Ni mtaro wa saruji, mrefu na mwembamba, umejaa maji yenye dawa. Ng'ombe anaingia upande huu kwa kuruka, chubwi! Anazama mpaka masikio, anaogelea, anatokea upande wa pili kwa ngazi akijikung'uta. Mara moja kila wiki. Siku yetu ilikuwa Jumanne.

Pale nilimkuta Mzee Katepa, mtunza josho. Hakuwa na cheti. Alikuwa na koti la kaki lenye mifuko minne, na kila mfuko ulijaa viberiti vitupu. Nilidhani mzee anavuta sana. Kumbe kila Jumanne alikuwa anachuma kupe majike walioshiba kwenye ng'ombe waliokwisha kuoga, anawatia kwenye kiberiti, anakaa nao wiki nzima mfukoni.

"Bwana mifugo," aliniambia, "Ufipa baridi. Kupe anataka joto ili atage. Ukimweka dirishani atachelewa na wewe utajidanganya. Mvae."

"Na akitaga?"

"Akitaga, josho limekufa. Kupe mfu hatagi."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara yetu. Jike akishiba anakuwa mkubwa kama punje ya kunde, anadondoka, anatafuta mahali pa siri, anataga maelfu ya mayai ya kahawia yanayong'aa, halafu anakufa. Maelfu, kwa mlo mmoja! Na mayai yanatokea mbele, karibu na mdomo, yanarundikana juu ya kichwa chake mpaka hamwoni tena mama mwenyewe. Aliyeogeshwa kwa dawa kali ananyauka bila kutaga hata moja.

Nilichangamkia jambo hilo kupita kiasi, nikaanza kubeba vya kwangu. Kimoja nilikisahau kwenye koti la Jumapili. Mnajua kilichotokea? Mayai yakaanguliwa kanisani, katikati ya mahubiri! Vipande vya vumbi vyenye miguu vikatoka mfukoni, vikapanda benchi la mbele, vikaingia shingoni kwa mwenyekiti wa parokia. Mzee wa watu alijikuna kuanzia mahubiri mpaka baraka ya mwisho. Felista alijua mara moja. Hakunisemesha mpaka Jumatano, na koti lile lililala nje siku zote hizo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa sitawachekesha.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa vitenge, redio na baiskeli za kila rangi, na sisi wa serikali tukaanza kupungua. Mzee Katepa alipunguzwa kazini. Alikabidhi ufunguo wa stoo na fimbo ya kupimia, akaenda kwake kulima ulezi. Viberiti aliniachia kwenye kopo. Kisha barua ikaja: dawa ya josho ya bure imekoma, wafugaji waelezwe wajinunulie wenyewe. Niliisoma barua ile mara tatu. Halafu nikaikunja na kuiweka chini ya faili zote.

Mtaniuliza kwa nini. Niliogopa! Nilijiambia, josho likifungwa, mimi hapa ni bwana nini? Nilijiambia labda barua nyingine inakuja kuifuta hii, labda lori la dawa limekwama tu njiani. Stoo ilikuwa na makopo mawili. Nikayatumia, yakaisha. Na kila wiki ng'ombe wanatoka na maji mwilini, kina kinashuka, na kina kikishuka ng'ombe akiruka anavunjika mguu. Kwa hiyo nikawa napima kwa fimbo na kujazia maji. Fimbo ilisema josho limejaa. Fimbo inapima kina, wajukuu zangu, haipimi ukali! Lakini harufu ya dawa ilikuwepo bado, ng'ombe walitoka wameloa, watu waliniambia asante bwana mifugo, nami nikaitikia asanteni karibuni. Viberiti sikuvigusa. Nilijua vitasema nini.

Wakati huo alikuwa amehamia kwetu mfugaji mmoja Msukuma, Luhende, mtu mrefu, mpole, na sauti yake nzito. Alikuja na mkewe, watoto, na ng'ombe aliowaswaga kwa miguu kutoka kwao. Hakukosa Jumanne hata moja. Wa kwanza kufika alikuwa yeye, mluzi wake ukisikika kabla ya vumbi lake. Wengine wakikaidi kuogesha, yeye ndiye aliwaambia, "Mwamini bwana mifugo, amesoma."

Ndama wake wakaanza kufa. Homa, tezi zimevimba chini ya masikio, kikohozi, mwishowe povu puani. Ile ni ndigana kali, hata ninyi mnaijua kwenye picha, na inaletwa na yule kupe wa kahawia wa masikioni. Mimi niliijua kwa kuiangalia tu. Lakini Luhende aliponiuliza, "Bwana mifugo, kupe si tunawaosha kila wiki?" nilijibu nini? Nilisema, "Ndiyo, tunawaosha." Mdomo wangu huu huu.

Sasa kama si kupe, ni nini? Majirani wakampa jibu. Wakamwambia, wewe mgeni una ng'ombe wengi, hapa ni Ufipa, umeangaliwa na jicho baya. Nanyi mnajua sifa tuliyobandikwa sisi watu wa Sumbawanga. Hata radi ikipiga Mbeya tunaulizwa sisi.

Jumanne moja akaja na ng'ombe wakubwa tu na ndama mmoja mwenye baka jeupe usoni. Watano walikuwa wamekufa.

"Nahama," akasema. "Jumanne ijayo nitapita hapa kuaga, halafu nateremka nao Bonde la Rukwa. Kule hakuna mtu wa kuniroga."

Njia aliyotaka kushuka ilipita kwenye pori la mbung'o. Ng'ombe hawa hawakuwa na kinga ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Wangeingia kule wazima, na kabla ya mvua kwisha angebaki na ngozi.

"Usishuke kule, mbung'o watakumalizia," nikasema.

"Hapa wananibakizia nini?"

Kila jibu lilikuwa na ile barua ndani yake. Nikapanda baiskeli kwenda kwa Mzee Katepa. Nilimkuta anapalilia. Nikamweleza habari za ndama, za uchawi, za bonde. Ya maji sikuyasema, nilisema tu harufu ya dawa ipo. Alinisikiliza akiwa ameinama, kisha akauliza neno moja tu.

"Viberiti viko wapi?"

Nikaanza kupangusa kengele ya baiskeli.

"Nimekuuliza viberiti, bwana mifugo. Shombo la dawa hata mimi ninalo kwenye koti, na kupe wananipanda. Nenda ukachume kwa ng'ombe wake waliooga leo hii. Leo, si kesho. Halafu uvae."

Nilichuma sita, jioni ile ile, kwenye masikio ya ng'ombe wa Luhende, yeye mwenyewe akinishikia pembe. Nikawatia kwenye kiberiti kimoja, nikakiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Luhende akauliza ni wa nini. Nikasema, "Kupe mfu hatagi. Jumanne tutaona kama hawa ni wafu."

Siku zile saba! Nimefanya kazi miaka mingi lakini sijawahi kuishi wiki kama ile. Nilikuwa nafungua kiberiti asubuhi, mchana, kabla ya chakula, baada ya chakula. Na sikujua niombe nini, mnanielewa? Wasipotaga, mimi msafi, josho langu hai, jina langu liko palepale. Lakini basi Luhende ataamini karogwa, atashuka pori la mbung'o na ng'ombe wote. Wakitaga, ng'ombe wataokoka, mimi nimekwisha. Siku ya tatu hakuna kitu. Siku ya nne hakuna kitu, na nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilitembea barabarani napiga mluzi. Shetani alikuwa ameniketia begani siku ile.

Jumapili nikitoka kanisani nilijificha nyuma ya jiko, nikafungua. Mayai! Sita wote! Rundo la kahawia linang'aa, mama zao wamefunikwa hawaonekani. Nikaketi chini. Na mnajua kilichonijia kwanza? Wallahi hata sasa naona aibu kusema: nilisisimka. Niliita, "Felista! Njoo uone wanavyotaga!" Felista akaja na mwiko mkononi, akatazama kiberiti, akanitazama mimi, akasema, "Ng'ombe wa nani hao?" Ndipo nikalia.

Jumanne nilifika joshoni mapema kuliko Luhende. Nilivaa suruali yangu ya ofisini, na barua ilikuwa mfukoni. Wafugaji wakaja, Luhende akaja amefunga mizigo kabisa, vyombo vya mkewe vimepakiwa kwenye mkokoteni, ndama wa baka jeupe amefungwa nyuma yake. Nikapanda juu ya ukuta wa josho. Nikaisoma barua yote, neno kwa neno, kwa sauti. Nikasema, "Makopo yalikwisha zamani. Tangu wakati huo nawaogeshea ng'ombe wenu kwa maji matupu." Nikafungua kiberiti, nikakizungusha kwa kila mtu.

Mmoja akasema, "Mayai hayo umeyatoa wapi? Unatetea wachawi wenzako wa huku."

"Yaya," akasema Luhende, maana yake hapana. "Hao niliwashikia pembe mimi." Akanigeukia. "Unasema ni maji."

"Ni maji."

"Basi ingia."

Mwee! Josho lile lilikuwa na mavi, mkojo na nywele za ng'ombe wa kata nzima. Msiniige hata siku moja, hata kama ni maji. Dawa si mchezo, na nikiwasikia mmefanya hivyo nitakuja chuoni kwenu na fimbo ya kupimia. Lakini siku ile ningefanya nini? Nilivua saa, nikaruka. Chubwi! Nikazama mpaka masikio, nikaogelea kama ndama, nikatokea kwa ngazi nikijikung'uta, suruali ya ofisini imekuwa rangi ya samadi. Watu walicheka! Wanawake walishikana mabega. Hata ng'ombe walirudi nyuma.

Luhende hakucheka. Alisubiri mpaka kicheko kikaisha.

"Tangu mvua za kupandia namtafuta mchawi wangu," akasema polepole. "Nimekwenda kwa waganga wawili. Kumbe mchawi wangu ananipokea hapa kila Jumanne, ananiambia asante karibu."

Nilisimama pale nachuruzika. Nilisema, "Nisamehe, baba." Alikuwa hanizidi hata miaka mitano, lakini neno lililotoka lilikuwa hilo.

Alikwenda kwenye mkokoteni. Nikajua ndio anaondoka. Akamfungua yule ndama, akamsogeza mpaka mbele yangu, akamgeuza sikio. Kupe walijaa humo.

"Sasa tunafanyaje, Mchawi?"

Jamani! Nilikimbia! Sikubadili hata nguo. Tulilikausha josho siku ile ile: ndoo, makopo, kila mwenye mkono. Tulichota maji yale machafu tukayamwaga kwenye shimo lake. Vijana wa Luhende wakatoa matope, sisi tukaziba nyufa kwa saruji. Mtu akatumwa Sumbawanga mjini kwenye duka la dawa za mifugo, kila boma likatoa fungu lake la fedha. Mzee Katepa tulimfuata shambani kwake. Alikuja na jembe begani akasema hachanganyi dawa na mtu anayenuka hivi mpaka nioge. Ndama yule tulimchuma kupe kwa mikono, kila siku, mimi na mke wa Luhende, tukiwadondosha kwenye kopo la mafuta ya taa. Alikohoa siku mbili, nikaacha kula. Siku ya tatu akanyonya.

Mkokoteni ukarudi bomani. Na jina likanibaki. Mpaka nastaafu, ukiuliza bwana mifugo upande ule hupelekwi popote. Uliza Mchawi, mtoto mdogo atakuonyesha.

Ninachotaka mkibebe ni hiki kilichofuata. Jumanne ya kwanza ya dawa mpya ng'ombe waliogeshwa wote, na mimi nikatoa kiberiti nianze kuchuma. Luhende akanishika mkono. Akaingiza wa kwake kwenye koti, akatoa kiberiti chake mwenyewe. Akachuma sita, akafunga, akakiweka mfukoni kwake. Kuangalia nyuma yangu, wafugaji wote wameshika viberiti. Hakuna aliyeniambia neno baya. Waliacha tu kuniamini, na walikuwa na haki.

Wiki ile sikulala vizuri. Jumanne iliyofuata nilisikia mluzi wake kabla ya vumbi. Akaja mpaka ukutani, akafungua kiberiti mbele ya wote, akakigeuza juu ya kiganja changu. Kupe sita, wakavu, weusi, wamenyauka. Aliwageuza mmoja mmoja kwa ukucha wa kidole gumba, akitafuta. Nami nilikuwa nimebana pumzi kama mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba.

"Hawajataga," akasema.

Kisha akarudisha kiberiti kitupu mfukoni, kwa ajili ya wiki ijayo, akapiga mluzi, na ng'ombe wake wakaanza kuruka.